Waliohesabu nyota kwenye vioo: wanawake wa Harvard na ukubwa wa anga

#1 – Dada wa Maabara (mleta uzi)

Wakuu, habari za mwisho wa wiki.

Uzi huu nimeuandika kwa jioni nne, kila nikitoka zamu. Kazi yangu ni maabara, na sehemu kubwa ya siku yangu ni slaidi za malaria. Unadondosha tone la mafuta, unashusha lenzi mpaka iguse, unahesabu vimelea huku ukihesabu na chembe nyeupe za damu mpaka zifike 200. Halafu slaidi inayofuata. Jioni shingo imekaza, na ukifumba macho bado unaona vidoti vya zambarau.

Kuna mwaka tulisoma maelfu ya slaidi kwa ajili ya utafiti mmoja. Ripoti ilipotoka nikaifungua kwa hamu. Waliobuni wamo, waliosimamia wamo, waliochambua wamo. Sisi wasomaji wa slaidi tulipewa mstari mmoja mwishoni, wa kuwashukuru mafundi wa maabara, bila jina hata moja. Nikamuuliza mkubwa mmoja. Akanijibu kwa upole kabisa: "Nyie si mlihesabu tu?"

Hilo "tu" limenikaa rohoni. Ndiyo maana niliposoma habari za wanawake hawa usingizi uliruka.

Mahali penyewe ni Cambridge, jimbo la Massachusetts, Marekani, kwenye kituo cha kutazama nyota cha Chuo Kikuu cha Harvard. Mkurugenzi wake tangu 1877 aliitwa Edward Pickering, na aliamua kuipiga picha anga yote. Picha za enzi hizo zilipigwa kwenye bamba la kioo, mara nyingi inchi 8 kwa 10, lililopakwa dawa inayoshika mwanga. Linafungwa kwenye darubini, linaachwa linywe mwanga wa nyota, pengine saa nzima. Ukilisafisha unapata anga iliyogeuka: kioo ni cheupe, nyota ni vitone vyeusi. Maelfu ya vitone kwenye kioo kimoja, vingine vidogo kuliko ncha ya sindano.

Usiku darubini ilikuwa zaidi kazi ya wanaume. Mchana vioo vilipelekwa kwa wanawake. Walikaa wawili wawili, mmoja ameinama na lenzi juu ya kioo kilichoegemezwa kwenye fremu yenye kioo cha kuakisi mwanga wa dirishani, anasoma kwa sauti, mwenzake anaandika daftarini. Siku 6 kwa wiki, senti 25 hadi 30 kwa saa. Na waliitwa kompyuta. Neno hilo lilikuwa cheo cha mtu, mkokotoaji, kabla halijawa jina la mashine.

Wa kwanza nitakayemtaja ni Williamina Fleming. Alizaliwa Dundee, Scotland, mwaka 1857, akaanza kufundisha shule akiwa na miaka 14. Alivuka bahari na mumewe, wakafika Boston, na mume akamwacha akiwa mjamzito. Akatafuta kazi za ndani, akaipata nyumbani kwa Pickering. Mwaka 1881 akaingia rasmi kituoni.

Watu hupenda kuisimulia habari yake kama ya mfanyakazi wa ndani aliyeokotwa jikoni kwa bahati. Mimi naona wanamdhulumu mara ya pili. Alikuwa mwalimu aliyekwama kimaisha, na akili aliingia nayo mlangoni.

Baadhi ya picha zilipigwa kwa kuweka prizimu, kioo kinachotandaza mwanga, mbele ya lenzi. Hapo kila nyota haitoki kitone, inatoka kijistari kilichotandazwa, chenye mikato myembamba ndani yake. Mikato ile hukwambia nyota ina nini. Fleming alipitia nyota zaidi ya 10,000 kwa mtindo huo, akazipanga kwa herufi, na orodha ikatoka 1890. Pesa za mradi zilitolewa na mwanamke mwingine, Mary Anna Draper, mjane wa daktari mpenda nyota, kwa kumkumbuka mumewe. Hilo nalo lisipite kimya: aliyelipa ni mwanamke na waliohesabu ni wanawake.

Kwenye kioo cha mwaka 1888 Fleming aliona kitu karibu na zile nyota tatu zilizojipanga mstari kwenye kundi la Jabari. Kulikuwa na wingu lenye pengo, kama kitu kimelimega. Leo linaitwa Kichwa cha Farasi, na picha yake imetundikwa duniani kote. Orodha kubwa ya mawingu ya anga ilipotoka 1895, ugunduzi ule uliandikwa jina moja: Pickering.

Nitaendelea usiku. Maswali karibuni.

#2 – Kalamu Nyekundu

Dada, hongera kwa uzi. Ila naomba nitofautiane nawe kidogo. Pickering ndiye aliyebuni mpango, akatafuta pesa, akaagiza darubini. Hawa walikuwa vibarua wazuri. Ugunduzi si huwa wa aliyekuwa na wazo? Na zaidi ya hapo, huyu mzee aliajiri wanawake wakati wengine hawakutaka kuwaona. Tusimgeuze kuwa mbaya.

#3 – Mwalimu wa Fizikia

Nimeweka kambi hapa. Dada, usiku ukirudi tueleze suala la umbali. Wanafunzi wangu wa kidato cha nne huniuliza kila mwaka: mwalimu, nani alienda na futi kamba kupima nyota? Huwa nawajibu kwa kanuni, na naona usoni kwamba hawajaridhika.

#4 – Dada wa Maabara

Nimerudi. Naanza na Kalamu Nyekundu.

Mkuu, Pickering simgeuzi kuwa mbaya. Alifungua mlango ambao wengi waliufunga. Antonia Maury, mmoja wa wanawake wale wale, alipomaliza orodha yake ya nyota, mwaka 1897, jina lake liliwekwa kwenye ukurasa wa mbele, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Fleming mwenyewe mwaka 1899 alipewa cheo cha mtunza picha za anga, mwanamke wa kwanza kupewa cheo cha namna hiyo Harvard. Yote nakubali.

Lakini soma shajara ya Fleming ya mwaka 1900. Anaeleza siku yake: barua, vioo, kusahihisha maandishi ya wengine kabla hayajaenda kuchapwa, kurudi nyumbani usiku na kijana wake wa kiume anahitaji ada ya chuo. Analipwa dola 1,500 kwa mwaka, wanaume wenzake baadhi wanapata 2,500. Alipomwendea Pickering kulizungumza, akaambiwa kuwa kwa mshahara wa mwanamke anapata vizuri sana. Anauliza kwenye shajara kama bwana yule hukumbuka kwamba naye ana nyumba ya kuilea. Mama yeyote anayelea peke yake ataisoma sentensi ile kama barua kutoka kwa jirani.

Na kuhusu wazo ni la nani. Nakupa mfano wa Maury huyo huyo. Pickering alitaka orodha haraka. Maury akaona kwamba kwenye nyota fulani ile mikato ni myembamba na mikali kuliko kawaida, akaipa alama yake ya pekee. Ilichelewesha kazi, wakavutana, akaacha kazi, akarudi, akaacha tena. Baadaye Ejnar Hertzsprung, mwanaastronomia wa Denmark, akagundua kuwa nyota zenye alama ya Maury ni majitu, kubwa kupindukia kuliko nyota za kawaida za rangi ile ile. Mwaka 1908 akamwandikia Pickering akilalamika kwamba alama ile imeachwa kwenye orodha mpya. Mwenye mpango hakuiona tofauti ile. Aliyeiona ni mwenye lenzi, kwa sababu ndiye aliyekuwa amekaa nayo siku nyingi mpaka jicho likazoea na kushtuka pale kitu kilipokwenda kombo.

Sisi maabara tunalijua hilo. Mtu wa slaidi 20 anahesabu. Mtu wa slaidi 20,000 anaona. Akikuta kimelea kisicho cha kawaida anakijua kabla hajaweza kueleza kwa nini.

Sasa Mwalimu, futi kamba.

Henrietta Swan Leavitt, alizaliwa 1868, binti wa mchungaji. Alisoma chuo, akaingia kituoni kwanza kwa kujitolea bila malipo, baadaye akalipwa senti 30 kwa saa. Masikio yalikuwa yanamwacha taratibu. Aliugua mara kwa mara, akaenda kwao, akarudi. Kazi aliyopewa ni nyota badilifu, yaani zile zinazong'aa na kufifia kwa zamu.

Utazipataje kati ya maelfu? Wanachukua kioo cha usiku mmoja, nyota zikiwa nyeusi, wanakilaza juu ya nakala ya usiku mwingine ambayo nyota zake ni nyeupe. Nyeusi inaizima nyeupe. Pale ambapo kitone cheusi kimezidi au kimepungukiwa, nyota imebadilika. Halafu unapima ung'avu kwa kifaa kidogo cha mkononi: kipande cha kioo mwishoni mwa kipini, juu yake safu ya vitone kutoka hafifu hadi kizito, kila kimoja na namba. Unakisogeza kando ya nyota yako mpaka upate kinachofanana nayo. Wenyewe walikipa jina la utani kutokana na kibao cha kupigia nzi, maana kilifanana nacho.

Leavitt alipewa vioo vilivyopigwa Arequipa, Peru, kituo cha kusini cha mradi ule, vikasafirishwa kwa meli mpaka Boston. Humo mlikuwa na Mawingu ya Magellan, makundi mawili ya nyota, Kubwa na Dogo, yanayoonekana kama mawingu hafifu kwenye anga ya kusini. Mwaka 1908 akachapisha orodha ya nyota badilifu 1,777 kutoka Mawingu yale mawili. Chini kabisa, kwenye kundi dogo la nyota 16 alizokuwa ameshajua mzunguko wake, akaandika kwa unyenyekevu kwamba inafaa kuzingatia kuwa zinazong'aa zaidi huchukua muda mrefu zaidi kumaliza mzunguko mmoja wa kung'aa na kufifia.

Mwaka 1912 akarudi na nyota 25 za Wingu Dogo. Ya haraka inamaliza mzunguko kwa siku moja na robo, ya taratibu kwa siku 127. Akazichora kwenye grafu zikakaa kwenye mstari. Waraka ulitoka na sahihi ya Pickering, ukieleza mwanzoni kwamba maelezo yameandaliwa na Binti Leavitt.

Kwa nini mstari ule ni futi kamba? Mimi nimekulia Kigoma, nieleze kwa lugha ya ziwani. Usiku usio na mwezi unasimama ufukweni unaona karabai za wavuvi wa dagaa. Taa moja peke yake haikwambii kitu: huenda ni ndogo iko karibu, huenda ni kubwa iko mbali. Lakini ukiona kundi la mitumbwi limekusanyika mbali kule, yote iko umbali mmoja kwa hesabu ya macho. Ndani ya kundi lile, taa inayong'aa zaidi ni kali zaidi kweli. Wingu Dogo la Magellan ndilo kundi la mitumbwi. Leavitt akagundua kwamba ukali wa taa unaendana na mwendo wake wa kupepesa. Basi sasa ukiona mtumbwi mmoja popote ziwani, hesabu tu taa inapepesa kila baada ya muda gani. Umejua ukali wake halisi. Linganisha na unavyouona kwa jicho, umepata umbali.

Kilichobaki ni kupata umbali wa taa chache za karibu ili kipimo kiwe na namba. Hertzsprung alianza kazi hiyo 1913.

Oktoba 1923, kule Mount Wilson, California, mwanaastronomia Edwin Hubble alikuwa na kioo cha Andromeda, doa moja la mwanga angani. Alikuwa ameweka herufi N kwenye kitone kimoja, akidhani ni nyota iliyolipuka. Akalinganisha na vioo vya zamani, akaifuta N, akaandika VAR na alama ya mshangao. Ilikuwa nyota ya aina ya Leavitt, mzunguko wake siku 31 na kitu. Akaweka kwenye mstari, akapata karibu miaka nuru milioni 1 (mwaka nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Kipimo kimerekebishwa tangu hapo, leo tunasema milioni 2.5, lakini hata ile ya kwanza ilitosha: Andromeda ilikuwa nje kabisa ya Njia Nyeupe, galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota tulimo sisi. Anga likawa na galaksi nyingi, na yetu ikawa mojawapo.

Leavitt hakuiona siku hiyo. Saratani ilimchukua tarehe 12 Desemba 1921. Mali aliyoacha ilithaminiwa dola 314 na senti 91. Mwaka 1925 mtaalamu wa hesabu wa Sweden, Gösta Mittag-Leffler, alimwandikia barua akitaka kumpendekeza kwa Tuzo ya Nobel. Hakuwa na habari kwamba yuko kaburini mwaka wa nne.

#5 – Mwalimu wa Fizikia

Karabai! Jumatatu naingia nayo darasani. Wanafunzi wangu wa Mtwara karabai za baharini wanazijua vizuri. Je, hilo Wingu Dogo huku kwetu linaonekana?

#6 – Fundi Waya

Dada nimejifunza mengi. Naongezea kidogo kwenye neno kompyuta. Mwaka 1946 Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Philadelphia, kilizindua ENIAC, mashine ya tani 30 yenye mirija karibu 18,000. Walioipanga ifanye hesabu ni wanawake sita: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Fran Bilas na Ruth Lichterman. Kabla ya hapo cheo chao kilikuwa hicho hicho, kompyuta, wakikokotoa njia za mizinga ya jeshi. Hapakuwa na lugha ya programu wala kitabu cha maelekezo. Walipewa michoro ya nyaya wajisomee, na mwanzoni hata chumba cha mashine hawakuruhusiwa kuingia. Hesabu ya maonyesho siku ya uzinduzi ilitayarishwa na Snyder na Jennings. Usiku kukawa na chakula cha kupongezana. Hawakualikwa. Kazi yangu ni nyaya, nilipoona picha ya zile kebo walizochomeka kwa mkono nilinyamaza kabisa.

#7 – Dada wa Maabara

Asante Fundi, umenigusa.

Mwalimu, linaonekana. Novemba na Desemba, saa mbili hadi saa tatu usiku, usiwe na mwezi, na toka nje ya taa za mji. Tazama kusini. Utaona nyota angavu peke yake, Achernar. Shuka chini yake kiasi cha ngumi moja na nusu mkono ukiwa umenyooshwa. Ni doa hafifu, kama pumzi kwenye kioo. Usilikazie jicho, tazama kidogo pembeni yake, ndipo litakuja. Cambridge, Massachusetts, haliwezi kuonekana hata siku moja. Leavitt alilijua kwa vioo tu, na sisi tunalo hapa juu ya bahari.

Sasa nimalizie wawili.

Annie Jump Cannon nitampitia haraka kwa sababu ndiye anayekumbukwa zaidi. Naye alikuwa kiziwi kwa sehemu kubwa. Alizipunguza na kuzipanga upya herufi za Fleming zikawa O, B, A, F, G, K, M, mpango unaotumika mpaka leo. Jua letu ni G. Alifikia kasi ya nyota 3 kwa dakika, na maishani mwake alipanga karibu 350,000. Oxford walimpa shahada ya heshima 1925. Harvard walimpa cheo cha kawaida cha chuo mwaka 1938, miaka mitatu kabla hajafa.

Cecilia Payne alitoka Uingereza 1923, kwa sababu kule aliona mbele yake kuna ualimu wa shule na si zaidi. Alikuta vioo vya Cannon vimepangwa kwa herufi, lakini maana yake hasa ilikuwa haijafafanuliwa. Akachukua kanuni ya Meghnad Saha, mwanafizikia wa India, akaonyesha kwamba herufi zile ni ngazi ya joto. Kisha akapata jambo ambalo halikutarajiwa: sehemu kubwa mno ya kila nyota ni haidrojeni na heli, gesi mbili nyepesi. Wakati ule wakubwa waliamini Jua limeundwa kwa mchanganyiko kama wa Dunia.

Henry Norris Russell, mkubwa wa fani Marekani, akamwandikia kwamba haiwezekani. Payne alikuwa na miaka 24, na mtu yule alikuwa na uwezo wa kumfungia milango. Kwenye tasnifu yake ya 1925 akaweka sentensi kwamba wingi ule wa haidrojeni karibu kwa hakika si wa kweli. Mwaka 1929 Russell akafika pale pale kwa njia nyingine, akamtaja Payne, na kwa miaka mingi sifa zikamfuata yeye.

Nimewahi kusaini majibu niliyojua si sahihi kwa sababu aliyenikataza alikuwa mkubwa kwangu. Ilikuwa slaidi moja, na nilimrudia mgonjwa kesho yake. Nikimfikiria Payne akiandika sentensi ile kwa mkono wake, kuhusu nyota zote, tumbo linanikaza. Alifundisha Harvard kwa miaka huku masomo yake yakiwa hayamo kwenye orodha ya chuo mpaka 1945. Uprofesa kamili akaupata 1956.

#8 – Kalamu Nyekundu

Dada, hapo kwa Maury umenishinda, nakubali. Mwenye lenzi ndiye aliyeona. Swali la mwisho: vioo vyenyewe viko wapi leo?

#9 – Dada wa Maabara

Vipo Cambridge, zaidi ya 500,000, kwenye jengo la matofali. Si vyote vya Marekani. Mwaka 1927 kituo cha Peru kilihamishiwa Bloemfontein, Afrika Kusini, kwa hiyo vingine ni anga iliyopigwa kutoka bara letu.

Miaka ya karibuni vingi vimeingizwa kwenye kompyuta, hii ya mashine, ili wanaastronomia waweze kufuata nyota moja kwa zaidi ya miaka 100. Kuna kitu kimoja hapo kimenisumbua. Wanawake wale waliandika kwa wino juu ya kioo chenyewe, upande usio na dawa. Mishale, duara, namba, vialama vidogo kando ya nyota. Wino ule unaziba nyota. Hivyo kila bamba lilipigwa picha kwanza na maandishi yake, kisha likafutwa likabaki safi, ndipo likapitishwa kwenye mashine. Machache ya kihistoria yaliachwa na wino wake.

Sababu naielewa. Nyota iliyo chini ya wino nayo ni data. Ila nimeiangalia picha ya kioo kimoja kabla hakijafutwa: duara dogo, limechorwa kwa mkono usiotetemeka, pembeni tarakimu mbili, na karibu yake duara jingine la wino wa rangi tofauti, la mtu mwingine wa siku nyingine. Walikuwa wanaongea juu ya kioo.

Slaidi zetu tunaandika kwa penseli kwenye ile ncha yenye ukungu: namba ya mgonjwa na tarehe. Wiki hii nimeanza kuongeza herufi mbili za jina langu, na wenzangu wawili wamefuata.

Kesho nina zamu ya asubuhi. Mwalimu, ukiliona Wingu Dogo ukiwa na vijana wako, niandikie hapa hapa.